Kiti cha Nyuma ya Dereva

Nyumba Na. 9, Safu ya Brynteg,
Cwmgelynnen,
Wales Kusini.
24 Novemba 1996

Mpendwa Mama Mdogo Olwen,

Nakusalimu kutoka nyumba ile ile ulimozaliwa, nikiomba barua hii iwakute wewe na Baba Mdogo Haydn mkiwa wazima. Goti lako linasemaje? Yule daktari wa Wollongong aliyeahidi kulipasua amekwisha kulipasua, au bado anakupiga danadana? Na kifua cha Baba Mdogo je, kimepungua kubana? Nasikia huko joto ndilo linaanza. Sisi huku mvua imetushika, mlima hatujauona tangu wiki iliyopita, na makaa yamelowa mpaka ya ndani kabisa.

Mimi ni mzima wa mwili, sina pa kulalamika. Nakula, nalala, nakwenda kazini maktaba siku zangu na kurudi.

Maua uliyoagiza yalifika asubuhi ya mazishi, meupe kama ulivyotaka, nami niliyaweka juu ya jeneza kwa mkono wangu. Ahsante sana. Siku ulipopiga simu nilikujibu kwa mkato, ukaniuliza mbona sauti yangu ni kama ya mtu aliyekabwa. Nyumba ilikuwa imejaa watu, Mama Mdogo, na jambo lililonikaa kooni halikuwa la kusemwa mbele ya watu wanaokunywa chai. Leo nimekaa mezani nikuandikie lote. Keti vizuri, maana ni refu, na wewe ndiye mtu wa pekee aliyebaki ambaye linamhusu kama linavyonihusu mimi.

Unajua Mama alivyopata ugonjwa wa kusahau. Nilikuandikia habari za siagi kabatini na viatu ndani ya oveni, tukacheka kidogo. Kuna mengine sikukuandikia kwa aibu. Kila alipotaka kuingia jikoni alisimama kizingitini, akachomoa vibanio vya nywele kimoja kimoja na kunikabidhi. Kisha alivua pete ya ndoa, na ikigoma kutoka kidoleni alilia. Akishamaliza alinyosha mikono, viganja juu, akasubiri. Nikimwambia aingie ale, hakuingia. Alisimama pale mpaka miguu ikamtetemeka na chakula kikapoa. Alikonda mpaka nguo zikawa zinamning'inia. Siku moja niliwasha kiberiti mbele yake, akanipiga kofi, yeye ambaye tangu nizaliwe hakuwahi kuninyanyulia mkono. Daktari alisema ni ugonjwa tu, nisihangaike kutafuta maana.

Ikawa mwezi wa nne nimekwenda sokoni, nasimama kwenye meza ya jibini, namsimulia mwenye meza taabu yangu. Bibi mmoja mfupi, koti la kijani, alikuwa mbele yangu. Aligeuka akaniangalia bila hata kunisalimu, akauliza mama yangu aliitwa nani kabla ya kuolewa. Nikamwambia, Ceinwen Hopkin. Yule bibi akashika ukingo wa meza, akaacha jibini lake pale pale.

Akasema, "Nipeleke kwake."

Jina lake ni Dilys Rowlands, mtu wa bonde la upande wa pili wa mlima. Ndani ya basi hakunieleza kitu. Alinilaumu kwa kutovaa skafu, akanilaumu kwa kutoolewa, na tulipofika akaonja chai yangu akauliza kama ni maji niliyooshea miguu. Nilishaanza kujuta kumleta. Ndipo Mama akashuka kutoka ghorofani, akafika kizingiti cha jikoni, akaanza vibanio vyake.

Dilys aliweka kikombe chini. Akasimama ndani ya jikoni kumkabili Mama, akakaza sauti kama askari wa kike.

"Haya, dada. Una kiberiti?"

"Sina," alisema Mama.

"Sigara?"

"Sivuti."

"Pini? Pete? Chochote cha chuma?"

"Nimeacha vyote nje."

"Viatu."

Mama akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Dilys akampapasa mabegani, kiunoni, mifukoni, polepole.

"Pita. Na usizubae leo, msimamizi kaamka na hasira."

"Yule lini hakuamka na hasira?" Mama alimjibu, akacheka, akaingia, akakaa, akala sahani nzima ya mchuzi wa kondoo na mboga ya liki, akaomba nyingine.

Dilys alijifuta macho kwa taulo la vyombo. Tangu siku ile mpaka alipolazwa mara ya mwisho, nilimuuliza Mama maswali yale kila mlo, naye alinijibu, akaingia, akala.

Mama alipokwenda kupumzika, Dilys alinieleza. Alianza kwa kusita, akasema hajawahi kulitamka jambo hili hata kwa marehemu mumewe. Wewe unajua, kama kila mtu bondeni, kwamba wasichana wa hapa walifanya kazi kwenye kile kiwanda cha serikali wakati wa vita. Lakini unajua pia kwamba hakuna aliyejua ndani yake kulifanywa nini. Mama alisema alikuwa anapaka ndege rangi. Baba yangu, ambaye alimwoa vita vimekwisha, aliamini hivyo mpaka anakufa. Kila Novemba alipoandamana na wenzake wa jeshini, nishani zake kifuani, alimtania mbele ya watu kwamba Hitler alishindwa kwa brashi ya Ceinwen. Mama alicheka pamoja nao, akiwa amesimama pembeni ya barabara na ua jekundu la karatasi, lile la kuwakumbuka waliokufa vitani, kwenye koti.

Hakupaka ndege yoyote rangi. Mama, Dilys na Gwenno Pugh wa hapa jirani walikaa benchi moja wakijaza fataki za makombora. Vilikuwa vikombe vya shaba vidogo kuliko subana, na ndani yake walitia baruti kidogo mno, ya aina isiyostahimili hata kutikiswa. Kibanio cha nywele kikianguka kilitosha kuwaua wote, ndiyo sababu ya upekuzi. Ile njano kwenye shuka mlilolalia pamoja, ambayo Bibi aliichemsha mpaka akachoka, haikuwa nyongo kama ulivyoambiwa. Ilikuwa ni baruti nyingine, iliyoingia kwenye ngozi na nywele zao. Na yale madoa ya bluu shingoni mwake, yanayofanana na makovu ya wachimba makaa, mimi aliniambia alianguka juu ya lundo la makaa akiwa mtoto. Pengine wewe ulijua kwamba hakuanguka; ni chembe za baruti iliyomrukia.

Gwenno unamkumbuka kuliko mimi, maana mimi nilizaliwa hayupo. Mama aliniambia kwamba alikuwa akikusuka nywele pale ngazini.

Ilikuwa mchana mmoja wa majira ya baridi, mwaka wa arobaini na mbili. Mama alitumwa kuchukua trei, akawa anarudi, yuko mlangoni. Dilys alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Gwenno alikuwa amekaa sawasawa, na kilichokuwa mikononi mwake kikalipuka. Dilys hakunieleza alichokiona alipoinuka, nami sikumuuliza. Alisema tu kwamba Gwenno alikuwa hai bado, na kwamba magari ya wagonjwa siku ile yalikuwa yamekwenda kwenye jengo lingine. Basi la wafanyakazi lilikuwa uwanjani, dereva akaitwa. Walimlaza Gwenno sakafuni mwa basi, kichwa kwenye mapaja ya Mama, wakaondoka kwenda hospitali ya mjini. Hakufika.

Jioni ile bwana mmoja mwenye kofia alimwita Mama na Dilys chumbani. Aliwakumbusha karatasi ya kutunza siri waliyoitia saini siku ya kwanza. Akasema msichana amegongwa na gari nje ya lango, gizani, kwa vile taa zote zilizimwa kwa amri. Hayo ndiyo ya kusema. Vita vitakapokwisha wataambiwa lini wanaruhusiwa kusema mengine.

"Hakuna aliyekuja kutuambia," Dilys alisema. "Walikwenda zao wakatusahau. Na sisi tukaendelea kunyamaza."

Mama ndiye aliyepeleka habari kwa Mama Pugh, mamake Gwenno, kwa kuwa alikuwa jirani na rafiki wa marehemu. Alisema gari, gizani. Mama Pugh akauliza gari gani. Mama hakujibu. Lakini kijiji, Mama Mdogo, hakikosi jibu. Mke wa mwenye bucha alikuwa amemwona Idris Beynon, dereva wa basi la kiwanda, akiosha damu kwenye ngazi za basi lake. Walipomuuliza, Idris alinyamaza. Watu wakajumlisha wenyewe.

Utakumbuka Idris alivyotendewa, ulikuwa hapa. Kwaya ilimwacha asimame peke yake mwisho wa mstari, yeye mwenye sauti ya besi nzuri kuliko wote, mpaka akaacha kuja. Mama Pugh alimlaani hadharani. Trefor, mdogo wake Gwenno, alipokuwa mkubwa alimtemea mate mlangoni mwa duka. Vita vilipokwisha Idris akawa dereva wa basi la kwenda mjini, na watu walipanda kwa sababu hakuna basi jingine, wakatupa nauli bila kumwangalia usoni.

Mama peke yake ndiye aliyekaa kiti cha nyuma ya dereva. Kila siku aliyosafiri, kwa miaka, alipanda, akasema kwa sauti ya kusikika nyuma kabisa, "Habari za asubuhi, Idris," akakaa pale.

Ulikuwa umekwisha kwenda Australia maneno yalipokolea, lakini najua yalikufikia hata huko, maana barua za shangazi zake Baba hazikuwa na breki. Walisema Ceinwen ana lake na dereva. Wanawake wa foleni ya mkate walimuuliza kama kiti kile kina joto. Baba alisikia. Alimtaka aeleze kwa nini anamsalimu muuaji wa Gwenno, Mama akasema hana la kueleza. Baba akahamia chumba cha nyuma. Mimi nilikulia katika nyumba hiyo, Mama Mdogo, yenye chai mbili zinazoandaliwa kwa nyakati mbili, na baba na mama wanaozungumza kwa kunituma mimi. Shuleni msichana mmoja aliniambia pua yangu ni ya Beynon. Nilikwenda nyumbani nikajiangalia kwenye kioo. Sikumwambia mtu, na sikuacha kujiangalia.

Kwa hiyo utaelewa kwamba Dilys aliponieleza yote haya, furaha haikunijia. Kilichonijia ni swali ambalo nilikuwa nimelitembeza moyoni tangu utoto, na wazo kwamba aliyeweza kulijibu alikuwa bado hai.

Idris alikuwa kwenye nyumba ya wazee kule pwani. Nilimkuta amekaa dirishani, mtu mrefu amekunjwa kwenye kiti kidogo, masikio mazito, akili safi kabisa. Nilijitambulisha. Alinitazama sana, akasema nina macho ya Emlyn, baba yangu, yale yale ya kumkodolea mtu. Hapo nilishindwa kuendelea, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua, naye akaniacha nilie.

Nilipoweza kusema nilimuuliza waziwazi. Hakukasirika.

"Mama yako hakuwahi hata kunigusa mkono," alisema. "Alinipa habari za asubuhi. Hujui neno hilo lina uzito gani mpaka ulikose."

Nikamwuliza kwa nini hakujitetea. Alisema naye alitia saini, kama wao. Kisha akaongeza.

"Na yule mama wa Gwenno alihitaji mtu wa kumchukia. Hitler yuko mbali, mimi niko hapa hapa, napita na basi mlangoni kwake kila siku. Nilijua sikumgonga mtoto wake. Kuna siku hilo lilinitosha. Kuna siku halikutosha."

Ndipo akanieleza habari za safari ile. Alisema kwa kuwa hakuweza kumwangalia Gwenno, alimsemesha njia nzima. Alimpigia hadithi za kondoo wa mjomba wake waliovamia harusi, akimtania kwamba yeye Gwenno ataolewa na yule dume mwenye pembe moja. Gwenno aliuliza kama zamu imekwisha. Idris akamwambia imekwisha, tunakwenda nyumbani. Baadaye kidogo Gwenno akasema, "Mwambieni Mama asiniwekee chakula." Hakusema tena. Wakati huo mji ulikuwa bado haujaonekana.

Ujumbe ule haukufikishwa. Mtu aliyegongwa na gari gizani na kufa papo hapo hawezi kuwa ameacha ujumbe. Mama Pugh aliweka sahani ya Gwenno juu ya jiko usiku ule mpaka ikakauka, na Mama alikuwa amekaa naye, ameiona.

Niliporudi nilimwambia Mama kwamba Dilys amenieleza na kwamba nimemwona Idris. Alikuwa anakunja leso yake. Nilidhani hakusikia. Kisha akasema, "Dilys ana mdomo." Baada ya muda akaniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, "Mama Pugh amekula?" Huyo Mama Pugh alikufa mimi nikiwa msichana wa miaka ya ishirini na kitu. Maisha yake yote Mama alimpelekea chakula cha Jumapili, sahani iliyofunikwa kwa sahani, na hata katika ugonjwa wake alikuwa akitoroka na sahani tupu kwenda kubisha mlango wa jirani. Trefor ndiye anayeishi humo sasa, peke yake. Alikuwa akimpokea vizuri sana, anamwambia, "Ahsante, Ceinwen, Mama atafurahi," halafu anamrudisha kwetu akiwa amemshika kiwiko.

Kwa ajili ya wema huo sikumwambia Trefor kitu Mama akiwa hai. Niliogopa Mama abishe siku moja, mlango usifunguliwe.

Mama alifariki tarehe kumi na sita Septemba, hospitalini, saa za alasiri, akiwa amelala. Hilo ulilijua. Sikukuambia kwamba Trefor alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alijitolea mwenyewe, akavaa suti yake ya zamani, akamwambia kila mtu kwamba Ceinwen alikuwa kama dada kwake baada ya yule aliyempoteza. Dilys alikuwa amekaa karibu nami. Alinifinya mkono mpaka ukauma.

Mwezi wa kumi nilimkuta Trefor bustanini anang'oa liki zake. Nilisimama kwenye ua tunaochangia, nikamweleza. Aliendelea kuchimba. Nilipofika kwenye basi akachomeka uma wa bustani ardhini na kuegemea mpini.

"Mama yako alikuwa analeta sahani kwa Mama," alisema.

"Ndiyo."

"Anamwangalia machoni."

"Ndiyo, Trefor."

"Na Mama akafa anamlaani Idris. Na mimi nikamtemea mate." Alitazama mikono yake yenye udongo. "Nimelibeba jeneza lake, Nesta. Kwa bega hili."

Nilimwambia kwamba Mama alikuwa amekatazwa. Akasema vita vilikwisha mwaka wa arobaini na tano, na mama yake aliishi karibu miaka thelathini baada ya hapo, ukuta mmoja na Mama. Nilichobaki nacho ni yale maneno ya Gwenno kuhusu chakula, nikampa. Alikuwa ameshanigeuzia mgongo. Nilimwona anayasikiliza kwa mgongo wake.

Akasema, bila kupandisha sauti, "Nenda ndani, mama." Hajawahi kuniita hivyo, siku zote alikuwa ananiita Nesta au mdogo wangu.

Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini wiki iliyofuata nilikwenda kumtazama Idris, mhudumu akaniambia amepata mgeni mwingine, mwanamume wa Cwmgelynnen, amekuja mara mbili. Alimletea liki. Mara ya kwanza walikaa tu, hakuna aliyesema. Mara ya pili mhudumu aliwasikia wanabishana kuhusu mchezo wa raga wa mwaka gani sijui, akalazimika kuwaambia wapunguze sauti. Nilirudi nyumbani bila kuingia. Niliona saa zile si zangu.

Idris alifariki mwanzoni mwa mwezi huu. Mazishi yalikuwa hapa, kanisani kwetu, kwa wasia wake. Watu hawakuzidi safu mbili. Mhubiri ni kijana, mgeni, hakujua chochote, alisoma kwamba marehemu alipenda muziki na kuendesha magari. Akauliza kama kuna mwenye neno. Trefor alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango. Alisimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Gwenno Pugh alikuwa dada yangu," alisema. "Hakugongwa na basi. Alilipukiwa na fataki kiwandani, na huyu alimchukua kwenda hospitali, anamchekesha njia nzima. Sisi tukamtenga maisha yake yote, na mimi nikiwa wa kwanza. Basi."

Akakaa. Mzee Gethin wa kwaya, mmoja wa waliomwachia Idris mwisho wa mstari, aliinama akaficha uso. Wimbo ulipoanza wazee walijaribu kuimba besi na hakuna aliyeifikia.

Nilingoja Trefor amtaje Mama, hata kwa neno moja. Hakumtaja. Nje alisimama langoni akawapa watu mkono, mmoja mmoja, mpaka nikafika mimi. Akavaa kofia yake, akapita.

Simlaumu. Nimejaribu kumlaumu nikashindwa. Lakini ni vigumu, Mama Mdogo, kuishi ukuta mmoja na mtu, unasikia anakohoa, unasikia anajaza birika, na mkikutana asubuhi mnapotoa takataka anaangalia juu kama anayetafuta mvua. Dilys naye amechukuliwa na mwanawe, anaishi Uingereza kwenye jiji ambalo hawezi hata kulitamka, ananipigia simu Jumamosi na kunilaumu bado kuhusu skafu. Siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani ilikuwa Jumapili ile ile ya baada ya mazishi ya Idris. Nilivaa nishani za Baba? Hapana, sikuvaa. Niliingia tu katikati ya maandamano, kwenye pengo kati ya wazee na skauti, nikatembea kwa niaba ya Mama na Gwenno. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyeniuliza natembea kwa ajili ya nani. Nilifika kwenye mnara wa kumbukumbu, nikasimama dakika zile za kimya, nikarudi nyumbani.

Sasa nina ombi. Fundi wa mawe amekuja kuuliza la kuandika kwenye kaburi, nami nimemwambia asubiri. Nimekaa na Mama maisha yangu yote na nimegundua kwamba nilimjua mwanamke aliyekuwa analinda mdomo wake kila dakika, hata akicheka. Hata Baba alimkuta tayari yuko hivyo. Dilys alimjua kiwandani. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na msichana, na aliyemwona msichana huyo ni wewe tu. Niandikie, Mama Mdogo. Si lazima yawe mambo makubwa. Alikuwa anapenda nini. Alikuwa anagombana na nani. Je, aliwahi kukueleza siri, ile ya kitoto, akashindwa kujizuia? Nataka kujua kama kuna wakati Mama yangu alikuwa hawezi kunyamaza.

Nisalimie sana Baba Mdogo Haydn, na binamu zangu Sulwen na Bryn na wale watoto wao ambao nawajua kwa picha tu. Mwambie Bryn sufuria ya Bibi bado ipo na bado inavuja. Mungu akushike mkono wewe mwenye goti baya, akuonyeshe majira mengi zaidi ya joto, na akulinde mpaka nitakapopata jibu lako, na baada ya hapo pia.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kutoka mbali,

Nesta